Nyumba ya Ufukweni na Shamba la Ipole: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kununua au Kuuza

Katika miaka ya karibuni matangazo ya nyumba za kifahari za ufukweni yamekuwa yakiwafikia wananchi mahali popote penye mtandao wa simu, na Kata ya Ipole haikuachwa nje. Picha huonesha majengo marefu meupe, bahari ya buluu, boti zilizofungwa gatini na bwawa la kuogelea chini ya minazi. Chini ya picha huandikwa kiasi cha malipo ya awali na ahadi kwamba kiasi kilichobaki kitalipwa kidogo kidogo. Vijana wa wilaya waliopata kazi Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat nao huwatumia wazazi wao picha hizo na kuwaomba ushauri, na wakati mwingine kuwaomba wauze sehemu ya shamba ili kuongezea fedha.

Hakuna sheria inayomzuia mkulima wa tumbaku au mfugaji wa nyuki wa Sikonge kuwa na nyumba pwani. Hata hivyo, kabla ya kuamua, mwananchi anapaswa kufahamu kwa usahihi ni kitu gani kinachouzwa katika maeneo hayo, na ni kitu gani anachokitoa endapo atauza ardhi ya kijijini ili kukipata. Makala haya yanafafanua mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu yasipopimwa kwa pamoja, hasara huonekana baada ya saini kuwekwa.

Maeneo haya ni ya namna gani

Marina ni bandari ndogo iliyojengwa kwa ajili ya boti na mashua za starehe. Kuzunguka bandari hiyo hujengwa majengo ya ghorofa, hoteli, maduka na migahawa, na eneo zima huwa na uzio, walinzi na usimamizi wa pamoja. Mfano unaojulikana zaidi katika ukanda wa Bahari ya Hindi na Ghuba ni Dubai Marina katika Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyojengwa kandokando ya mfereji uliochimbwa na binadamu na kuingizwa maji ya bahari. Mfano mwingine ni Al Mouj mjini Muscat, Oman, mji wa ufukweni wenye bandari yake ya boti, uwanja wa gofu na nyumba zinazoruhusiwa kununuliwa na wageni.

Katika Tanzania, maeneo ya kifahari ya ufukweni yaliyotangulia ni Oysterbay, Masaki na Rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam, ambako boti za starehe huegeshwa. Kwa upande wa Zanzibar, mradi unaotajwa sana ni Fumba Town, katika rasi ya Fumba kusini mwa Mji wa Zanzibar, ndani ya eneo lililotengwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa uwekezaji. Huko nyumba huuzwa kwa Wazanzibari, kwa Watanzania wanaoishi nje ya nchi na kwa wageni, na nyingi huuzwa zikiwa bado ni michoro.

Uhusiano wa Unyamwezi na pwani si wa leo. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miezi wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na wafanyabiashara wa pwani wenye asili ya Oman walijenga nyumba zao Unyanyembe. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu aliye Ipole anaweza kulipia nyumba ya pwani kwa simu bila kuiona, na bila kukutana uso kwa uso na muuzaji. Urahisi huo ndio unaolazimu uangalifu zaidi.

Kinachouzwa ni haki, nayo ina muda

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika Jamhuri ya Muungano hakuna mtu anayeuziwa ardhi yenyewe kuwa mali yake milele. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinaeleza kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia. Katika ardhi ya kawaida, kama viwanja vya mijini, haki hiyo hutolewa kwa hati yenye muda maalumu usiozidi miaka 99, pamoja na masharti ya uendelezaji na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka.

Anayenunua fleti katika jengo la ghorofa hapati hata kiwanja peke yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, anapata sehemu yake ya jengo, yaani nafasi iliyo kati ya kuta, sakafu na dari yake, pamoja na fungu lisilogawanyika katika maeneo ya pamoja kama ngazi, lifti, paa, maegesho na bustani. Haki yake katika ardhi iliyo chini ya jengo hufuata hati mama ya kiwanja. Muda wa hati hiyo ukiwa umebaki mfupi, haki ya mwenye fleti nayo inakuwa fupi.

Mfano mdogo utasaidia. Ikiwa mradi ulipewa ardhi kwa miaka 99 kuanzia mwaka 2015, muda huo utakwisha mwaka 2114. Atakayenunua fleti mwaka 2045 kutoka kwa mmiliki wa kwanza hanunui miaka 99, bali miaka 69 iliyobaki. Kwa hiyo neno "miaka 99" katika tangazo halitoshi. Mnunuzi aulize muda huo ulianza kuhesabiwa lini, na masharti ya kuuongeza yameandikwa wapi.

Zanzibar ina sheria zake za ardhi

Wananchi wengi hudhani kwamba hati au kitambulisho cha Tanzania kinatosha kununua ardhi popote ndani ya Muungano. Ifahamike kuwa ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar inasimamia ardhi yake kwa sheria zake, hususan Sheria ya Umiliki wa Ardhi Na. 12 ya mwaka 1992. Chini ya sheria hiyo ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya matumizi ya ardhi imewekwa kwa ajili ya Wazanzibari waliofikisha umri wa miaka 18. Mkazi wa Ipole, ingawa ni raia wa Jamhuri hiyo hiyo, hahesabiwi kuwa Mzanzibari kwa uraia wake wa Tanzania peke yake.

Njia iliyobaki wazi kwa asiye Mzanzibari ni upangishaji wa muda mrefu unaofungamana na uwekezaji, au kununua sehemu ya jengo katika mradi uliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2010 inayohusu majengo yenye wamiliki wengi. Miradi ya namna hiyo husimamiwa kupitia Mamlaka ya Kukuza Vitega Uchumi Zanzibar, yaani ZIPA, na kumbukumbu za ardhi ziko chini ya Kamisheni ya Ardhi Zanzibar. Hivyo basi, mtu anayeelezwa kwamba atauziwa "kiwanja cha ufukweni Zanzibar" kwa karatasi ya makubaliano iliyogongwa muhuri na mashahidi wawili anapaswa kusita. Karatasi hiyo haiwezi kumpa haki ambayo sheria ya Zanzibar haikumpa.

Hali hufanana kwa nchi jirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa upangishaji usiozidi miaka 99 tu. Mtanzania anayevutiwa na nyumba za ufukwe wa Kilifi au Mombasa huhesabiwa huko kuwa mgeni.

Ufukwe wenyewe una mipaka

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa ziwa, mto na bwawa. Tangazo linalosema nyumba ipo "hatua tano kutoka majini" linaweza kuwa linataja sifa ambayo ni kosa kisheria. Nyumba iliyojengwa ndani ya eneo hilo iko katika hatari ya kubomolewa hata kama mnunuzi alilipa kwa nia njema.

Kifungu hicho hakiwahusu wa pwani peke yao. Hapa wilayani kinawahusu pia wanaolima au kujenga kandokando ya mito na mabwawa, na ndicho kinachotumiwa na maofisa wa mazingira wanapowataka wananchi waache nafasi ya kulinda vyanzo vya maji.

Gharama za kuishi zisizoandikwa kwenye tangazo

Bei ya kununua ni mwanzo tu. Mwenye fleti katika jengo la pamoja huwa mwanachama wa chama cha wamiliki, na hulipa tozo ya huduma kila mwezi au kila robo mwaka. Tozo hiyo hulipia ulinzi, usafi, umeme wa maeneo ya pamoja, jenereta, lifti, bwawa la kuogelea na matengenezo. Hulipwa hata kama nyumba imefungwa na hakuna anayeishi ndani.

Kwa mfano wa hesabu tu, tozo ikiwa shilingi 3,000 kwa kila mita ya mraba kwa mwezi, mwenye fleti ya mita za mraba 50 atalipa shilingi 150,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Kwa familia inayotegemea msimu mmoja wa mavuno, hilo ni deni linalorudi kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Asiyelipa hujikuta na malimbikizo ambayo chama cha wamiliki kinaweza kuyadai kisheria, na mnunuzi wa baadaye atataka yalipwe kwanza.

Zipo gharama nyingine. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula nondo, mabati, viyoyozi na vitasa vya milango. Kwa sababu hiyo matengenezo ya nyumba ya pwani huja mapema kuliko ya nyumba iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma huku bara. Visima vya karibu na bahari huweza kuingiwa na maji ya chumvi, jambo linaloongeza gharama ya maji safi. Wakati wa kuuza, kuna kodi ya faida itokanayo na mauzo pamoja na ushuru wa stempu, na hayo huulizwa TRA kabla ya kukubaliana bei.

Kuhusu ahadi ya kupata kodi kutoka kwa wapangaji, ikumbukwe kuwa utalii wa Zanzibar hupungua sana wakati wa masika, hasa Aprili na Mei. Muuzaji anayetaja mapato ya mwaka mzima kwa kuzidisha kodi ya mwezi mmoja wa msimu wa wageni mara 12 hasemi ukweli wote. Mnunuzi aombe kuoneshwa hesabu za mwaka mzima za nyumba iliyokwisha kupangishwa.

Jambo la mwisho kuhusu gharama ni sarafu. Miradi mingi ya ufukweni imezoea kutaja bei kwa dola za Marekani. Mkulima wa tumbaku analielewa vizuri jambo hili, kwa kuwa bei ya zao lake nayo imezoeleka kutajwa kwa dola kwa kilo, na anajua tofauti inayotokea kati ya siku ya kupangwa bei na siku ya kupokea shilingi. Mwaka 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza na kulipia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Anayetakiwa kulipa kwa dola ana haki ya kuuliza ni kwa msingi gani wa kisheria.

Nyumba ambayo bado ni mchoro

Nyumba nyingi za ufukweni huuzwa kabla hazijajengwa. Mnunuzi hulipa malipo ya awali, kisha huendelea kulipa kadiri ujenzi unavyopanda. Utaratibu huu hupunguza bei, lakini humbebesha mnunuzi hatari ya mradi kusimama.

Historia inatoa mafunzo. Huko Dubai, sheria ya mwaka 2006 iliwaruhusu wageni kununua nyumba katika maeneo yaliyotajwa, ikiwemo Dubai Marina, na watu kutoka pande zote za dunia wakakimbilia. Mwaka 2007 ikatungwa sheria nyingine iliyomlazimu mjenzi kuweka fedha za wanunuzi katika akaunti maalumu ya amana, isiyoweza kutumika isipokuwa kwa ujenzi wa mradi ule ule. Pamoja na hayo, msukosuko wa fedha wa dunia wa mwaka 2008 na 2009 uliposhusha bei, miradi mingi ilisimama au kufutwa. Wanunuzi waliokuwa na mikataba iliyo wazi na fedha zao katika akaunti za amana walikuwa na pa kuanzia kudai. Waliokuwa na risiti tu walikuwa na kazi ngumu zaidi.

Hapa nchini, mradi mkubwa wa makazi ya ufukweni wa Dege huko Kigamboni, uliohusisha fedha za Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa NSSF, ulisimama mwaka 2016 ukiwa na maelfu ya nyumba ambazo hazijakamilika. Maghorofa hayo yaliendelea kusimama matupu kwa miaka mingi. Mfano huu unaonesha kwamba hata mradi wenye mwekezaji mkubwa na ardhi nzuri unaweza kukwama. Kwa hiyo ukubwa wa jina la mradi hauwezi kuchukua nafasi ya mkataba unaosema fedha zitarudishwaje, lini na nani, endapo ujenzi utasimama.

Kile ambacho mkazi wa Ipole anacho tayari

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa muhimu. Ardhi kubwa inayotumiwa na wananchi wa Ipole ni ardhi ya kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mwanakijiji huimiliki kwa hakimiliki ya kimila, na haki hiyo ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa kwa hati mjini. Zaidi ya hayo, sheria inaruhusu mwanakijiji aliye raia apewe haki hiyo bila ukomo wa muda. Haihesabiwi kwa miaka 33, 66 wala 99, na hurithishwa kwa watoto na wajukuu.

Maana yake ni kwamba mwananchi anayeuza shamba lake la kimila ili kupata malipo ya awali ya fleti ya ufukweni anaweza kuwa anabadilisha haki isiyo na ukomo kwa haki yenye ukomo, ardhi inayozalisha chakula kwa nyumba inayodai tozo, na mali anayoijua mipaka yake kwa miguu kwa mali aliyoiona katika picha. Huenda bado akaona kuna sababu ya kufanya hivyo. Uamuzi ni wake na wa familia yake. Lakini ni lazima aufanye akijua anachotoa.

Vivyo hivyo kwa anayetaka kukopa. Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kutumika kama dhamana ya mkopo. Fedha za mkopo zikilipia nyumba ambayo haijajengwa, na mradi ukasimama, mkopaji hudaiwa na benki huku hana nyumba, na shamba lililowekwa dhamana ndilo linalokuwa hatarini.

Ifahamike pia kwamba siyo ardhi yote ya Ipole inaweza kuuzwa. Maeneo yaliyotengwa na vijiji katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, yakiwemo yaliyo ndani ya eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ipole, malisho, vyanzo vya maji na misitu ya kijiji, ni ya wanakijiji kwa pamoja. Mtu binafsi hawezi kuyauza, wala kiongozi wa kijiji hana mamlaka ya kufanya hivyo peke yake. Mfugaji wa nyuki mwenye mizinga ndani ya msitu wa kijiji ana haki ya kutundika mizinga kwa utaratibu uliowekwa, lakini hana kipande cha msitu cha kuuza.

Ridhaa ya familia na ya kijiji

Shamba la familia haliuzwi kwa saini ya mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi nayo inalinda haki ya mwenza katika ardhi inayotumiwa na wote wawili. Mauzo yaliyofanyika bila ridhaa hiyo yanaweza kubatilishwa na chombo chenye mamlaka, na mnunuzi akabaki akidai fedha zake.

Aidha, uhamisho wa hakimiliki ya kimila unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Kusudi la sheria ni kuhakikisha kwamba anayechukua ardhi ni mtu anayestahili, na kwamba familia inayouza haibaki bila mahali pa kuishi na kulima. Halmashauri ya Kijiji inapouliza familia itakula nini msimu ujao, inatimiza wajibu wake.

Hatua za kufuata

Mwananchi anayekusudia kununua nyumba au kiwanja pwani anashauriwa kufuata mpangilio huu:

1. Apate nakala ya hati mama ya ardhi ya mradi na kuisoma: jina la mwenye hati, muda wake, tarehe ya kuanza na matumizi yaliyoruhusiwa.

2. Afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati kwa ardhi ya Tanzania Bara, au Kamisheni ya Ardhi kwa Zanzibar, ili kujua kama ardhi imewekwa rehani au ina zuio la mahakama. Upekuzi ufanywe kabla ya kulipa hata malipo ya kushikilia nafasi.

3. Kwa mradi wa Zanzibar, athibitishe ZIPA kama mradi umesajiliwa na kama asiye Mzanzibari anaruhusiwa kununua aina ya nyumba anayoitaka.

4. Aombe mkataba wa mauziano mapema na kuupeleka kwa wakili anayemchagua yeye mwenyewe, si wakili aliyeletwa na muuzaji. Mkataba utaje tarehe ya kukabidhi nyumba, adhabu ya kuchelewa, utaratibu wa kurudisha fedha, na kiwango cha tozo ya huduma pamoja na namna kinavyoweza kupandishwa.

5. Alipe kwa benki kwenda akaunti yenye jina la kampuni iliyotajwa katika mkataba. Fedha isitumwe kwenye namba ya simu ya dalali, hata kama dalali ni ndugu au mtoto wa jirani.

6. Aende mwenyewe kuiona nyumba au eneo, au amtume mtu anayemwamini asiye na faida yoyote katika mauzo hayo.

7. Ahakikishe uhamisho unasajiliwa kwa jina lake. Mkataba uliowekwa sandukuni bila kusajiliwa haumlindi dhidi ya mnunuzi mwingine aliyesajili.

Anayekusudia kuuza au kuweka rehani ardhi ya Ipole ili kugharimia ununuzi huo aanze na mambo matatu: kikao cha familia chenye kumbukumbu ya maandishi, maombi kwa Halmashauri ya Kijiji, na uhakiki wa mipaka katika masjala ya ardhi ya kijiji. Asiuze shamba kabla hatua ya kwanza hadi ya nne hapo juu hazijakamilika, kwa sababu shamba likishauzwa halirudi kwa urahisi, na nyumba ya ufukweni itaendelea kutangazwa mwaka kesho.

Huduma zinazopatikana wilayani

Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji ndiyo mahali pa kuanzia kwa maswali yote yanayohusu ardhi ya kijiji, pamoja na maombi ya Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mtendaji wa Kata husaidia pale ambapo suala linahusu vijiji zaidi ya kimoja. Sehemu ya ardhi katika Halmashauri ya Wilaya ya Sikonge hutoa ufafanuzi kuhusu upimaji, mipango ya matumizi bora ya ardhi na taratibu za uhamisho.

Mgogoro ukitokea, usuluhishi huanza katika Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza la Kata, kufuatia marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake sasa ni kusuluhisha na siyo kutoa hukumu. Pande zikishindwa kupatana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mgogoro unaohusu nyumba iliyoko Zanzibar, vyombo vya huku havina mamlaka, na mdai atalazimika kufuata haki yake huko huko. Nauli, malazi na wakili wa huko viingizwe katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Wananchi wenye mashamba ambayo hayajapimwa wanahimizwa kuomba hati zao sasa, iwe wanafikiria kununua nyumba pwani au hawafikirii. Mwenye hati mkononi hujadiliana na mnunuzi, benki au dalali akiwa na ushahidi wa kile alichonacho. Asiye nayo hutegemea kumbukumbu za wazee, na wazee hawaishi milele.